Mzani wa kupima mafuta ya mwilini nlionunua Kariakoo: uzito uko poa, asilimia ya mafuta usiibebe kama ilivyo

Wadada habari zenu. Niende moja kwa moja maana najua wengi mnautaka, ule mzani wa kioo wa kuunganisha na simu unaouzwa sana sa hivi, nimeutumia muda wa kutosha kuusemea. Uzito unapima vizuri sana. Mafuta unakisia. Na swali la mafuta yamekaa wapi mwilini, ambalo kwa mwanamke mzima wa afya ndo swali lenyewe hasa, hilo mzani haulijui kabisa na hapo futi ya fundi cherehani ya buku na mia tano inauacha mbali. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu nimeona dada zetu wanaanza kujinyima kula kisa namba iliyotokea kwenye simu, na mi hiyo kitu inaniuma.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mi ni mama wa watoto wawili, niko kwenye thelathini na kitu, sina presha sina sukari, nafanya mazoezi, nakula ugali wangu na wali wangu kama kawaida. Urefu sentimita 164, uzito kilo 68, kiuno sentimita 77, hipsi 104. Naziweka wazi kwa sababu rivyu ya kitu kama hiki bila namba haimsaidii mtu.

Mzani wenyewe nimechukua kwa elfu 55, jina la kampuni silitaji, na ukizunguka maduka mawili matatu utakuta kitu kilekile kwenye boksi tofauti. Ndani unakuta mzani, betri tatu ndogo zile za rimoti, na karatasi ya maelezo yenye maandishi madogo kweli. Juu kioo kizito, na kwenye kioo kuna vibati vinne vya chuma, viwili vya mguu wa kulia viwili vya kushoto. Unapanda peku. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena nimekumbatia mfuko wa mchele wa kilo 10 ambao haujafunguliwa, ikaongezeka kilo 10 na gramu kidogo za mfuko. Nikalinganisha na mzani wa kliniki nilipompeleka mtoto, tofauti haifiki hata robo kilo. Kwa hiyo kama unachotaka ni uzito, hela yako haijapotea.

Sasa tuje kwenye programu ya simu. Ukishapanda ukatulia, simu inakuletea orodha ndefu, asilimia ya mafuta, maji, misuli, uzito wa mifupa, protini, mafuta ya ndani ya tumbo, mpaka "umri wa mwili", na rangi za kijani, njano na nyekundu pembeni. Inavutia, unaweza kudhani umetoka maabara. Lakini vitu ambavyo mzani umevipima kweli pale ni viwili tu, uzito wako na ugumu wa umeme kupita mwilini mwako. Vingine vyote ni hesabu.

Iko hivi. Vile vibati vinapitisha umeme mdogo mno, hausikii chochote, unaingia mguu mmoja unatokea mwingine. Nyama isiyo na mafuta ina maji mengi, karibu asilimia 73, na maji yenye chumvichumvi yanapitisha umeme vizuri. Mafuta yana maji kidogo kwa hiyo yanauzuia. Umeme ukipita kwa shida mzani unasema huyu ana mafuta mengi, ukipita kirahisi unasema ana maji na misuli. Afu inachukua urefu wako, uzito, umri na jinsia, vile ulivyojaza mwenyewe kwenye simu, inaingiza kwenye fomula ya kampuni, inakupa asilimia. Teknolojia yenyewe sio ya kitapeli, Tanita wa Japani wamekuwa wakitengeneza mizani ya hivyo tangu 1992 na wataalamu wanaitumia. Shida ni namna tunavyoambiwa tuiamini.

Jaribu hii kama unao nyumbani. Kwenye mipangilio ya programu kuna sehemu inauliza kama wewe ni mwanariadha au mtu wa kawaida. Nimepima asubuhi kwenye mtu wa kawaida, ikaniletea mafuta asilimia 29. Sijashuka kwenda popote, sijanywa hata funda la maji, nikabadilisha nikaweka mwanariadha, nikapanda tena. Ikaja 23. Mwili uleule, miguu ileile, sakafu ileile, asilimia sita zimeyeyuka kwa kubonyeza kidole! Mtu anayekuuzia majani ya chai ya kupunguza mwili hizo asilimia sita atakwambia utazitoa kwa miezi mitatu na boksi sita. Umeme haukubadilika, kilichobadilika ni fomula. Ukishaliona hilo kwa macho yako hutaiogopa tena ile namba.

Halafu kuna habari ya maji, na hapa wanawake ndo tunasumbuliwa zaidi. Ukiwa umekaukiwa maji, umeme unapita kwa shida, mzani unasema mafuta yameongezeka. Ukipima jioni baada ya kusimama kutwa nzima, maji yameshuka miguuni, umeme unapita kirahisi kwenye miguu, mafuta "yanapungua". Ukitoka kukimbia ngozi imepata joto na damu inazunguka, inashuka tena. Ukinywa lita ya maji ukapanda hapohapo, uzito umepanda ila umeme haujapata muda wa kuyaona hayo maji, kwa hiyo inayahesabu kama mafuta. Na siku zile za kabla ya hedhi mwili unapoweka maji, wengi tunavimba kidogo vidole na matiti, namba inayumba tu bila sababu ya mafuta hata chembe. Sasa fikiria dada anayepima kila siku asubuhi na jioni anaandika kwenye daftari. Anajitesa na maji.

Nyayo ngumu nazo zinaharibu, wale tunaotembea peku au wenye magaga, umeme unapata kikwazo pale mlangoni. Mimi nafuta miguu na kitambaa chenye unyevu kidogo kwanza. Ila usipande miguu ikiwa inachuruzika maji, mbali na namba, kile kioo kinateleza vibaya.

Kitu ambacho kimenikera kwenye programu kuliko vyote ni ule mchoro wa mwanamke wenye rangi, mikono kijani, mapaja njano, tumbo jekundu, na chini yake "mafuta ya ndani ya tumbo: 6". Jamani huu mzani unagusa miguu tu. Umeme unapanda mguu mmoja unazunguka kwenye nyonga unashuka mwingine. Mikononi haufiki na tumboni juu haupiti hata kidogo. Hiyo 6 ya tumbo imepigiwa hesabu kutoka kwenye uzito na urefu na umri wako na ule umeme wa miguuni, kwa hiyo mwanamke mwenye miguu minene na tumbo bapa na mwenye miguu myembamba na kitambi wote wanaweza kuchanganywa. Na kwetu huku hizo shepu mbili ndo zimejaa mtaani.

Na kutofautisha shepu sio mambo ya urembo tu. Daktari mmoja Mfaransa wa Marseille, Jean Vague, aliandika mwaka 1947 kwamba mafuta yaliyokaa juu, tumboni na kifuani, na yale yaliyokaa chini, kwenye hipsi na mapaja, hayana tabia moja, ya juu ndo yanaendana na kisukari na magonjwa ya moyo. Tangu hapo tafiti zimerudia jambo hilohilo sana. Yale yanayojificha ndani ya tumbo yakizunguka ini na utumbo ndo ya kuchunga. Ya hipsi, mapaja na makalio, yale tunayoyarithi kwa bibi zetu, homoni ya estrojeni ndo inayoyapeleka huko, na kiafya hayana makuu. Hedhi ikishakoma estrojeni inashuka, na mafuta yanaanza kuhamia tumboni hata kama mama hajaongezeka kilo. Kwa hiyo mtu anayekupa asilimia moja ya mwili mzima bila kukwambia iko wapi, amekupa nusu ya habari.

Programu pia ilinipiga nyekundu: "uzito umezidi". Imechukua kilo 68 ikagawa kwa urefu mara urefu, ikapata BMI 25.3, na mpaka ni 25. Ile hesabu ya uzito kwa urefu mara urefu ilianzia kwa Mbelgiji Quetelet karne ya 19, mtu wa takwimu na nyota, alikuwa anatafuta binadamu wa wastani, sio kupima afya ya mtu mmoja mmoja. Jina la BMI akaja kulitoa Ancel Keys 1972, kwa ajili ya kuchunguza makundi ya watu. Hospitali wanaitumia kwa sababu ni rahisi na kwa watu wengi kwa pamoja inafanya kazi. Kwangu mi mwenye kiuno 77 na hipsi 104, ile nyekundu haina la kuniambia.

Baada ya hapo nikaenda kujaribu huduma ya jim, ile mashine ya kusimama na kushika vishikio viwili. Nimelipa elfu 20, unapewa karatasi iliyoprintiwa. Hii ni ngazi nyingine kabisa na mzani wa nyumbani, kwa sababu ina sehemu za kugusa miguuni na mikononi, umeme unapita kila mkono, kila mguu na kiwiliwili kwa zamu, kwa hiyo inaposema mguu wa kulia una misuli kiasi fulani imeupima kweli huo mguu. Kampuni inayojulikana zaidi kwa mashine za hivi ni InBody wa Korea Kusini, walianza 1996. Karatasi ikanipa mafuta asilimia 31. Kiwiliwili kiko sawa, miguu ina nyama na mafuta ya kutosha. Hiyo picha inafanana na mimi ninayemwona kwenye kioo.

Ila huduma yenyewe, sitaji jim gani, wanahitaji kujipanga. Kijana wa pale alikuwa anapima wadada wakitoka tu kwenye zumba, jasho linawatiririka, wengine na chupa ya maji nusu, wengine na bangili na cheni. Hakuna aliyeuliza umekula saa ngapi, umeenda haja ndogo, uko kwenye siku zako, una ujauzito. Hilo la ujauzito la kuuliza kabla ya yote, na la mtu mwenye betri ya moyo, kale kamashine kanakowekwa mwilini kusaidia mapigo ya moyo, hao wawili hawapandi kwenye mashine hizi wala kwenye mzani wa nyumbani. Na kikubwa zaidi nilimsikia anamwambia dada wa watu "una 26, inatakiwa uwe chini ya 20". Kaka, hiyo ni ya wanaume! Kwenye karatasi za InBody kiwango cha kawaida cha mwanaume ni 10 mpaka 20, cha mwanamke 18 mpaka 28. Yule dada alikuwa ndani kabisa ya kiwango cha kawaida na ametoka pale uso umemshuka. Nikamwita pembeni nikamwonyesha kwenye karatasi yake mwenyewe, imeandikwa palepale.

Ukienda kupima, nenda asubuhi, tumbo tupu au uwe umepitisha masaa kama matatu tangu ule, haja ndogo umemaliza, mazoezi bado, vito umevua. Na ukirudi mara nyingine rudi katika hali hiyohiyo, mashine ileile, ikiwezekana kipindi kilekile cha mzunguko wako, mi napenda wiki ile baada ya hedhi kuisha. Hapo ukiona imeshuka kutoka 31 kwenda 29 kwa miezi kadhaa unaweza kuamini kwamba kuna kitu kinaendelea. Ukipima jim hii leo na jim nyingine kesho, usilinganishe.

Kuna wengine wanatumia ile kalipa, ka koleo ka kubana ngozi. Ni ka bei rahisi na ni kazuri mikononi mwa anayejua. Fomula maarufu ni ya Durnin na Womersley ya 1974, walipima watu Glasgow kule Scotland, wanawake 272 na wanaume 209, wanabana sehemu nne, mbele ya mkono, nyuma ya mkono, chini ya bega mgongoni na juu ya nyonga. Ya wanawake pekee iko ya Jackson, Pollock na Ward ya 1980, nyuma ya mkono, juu ya nyonga na pajani. Sasa ona, hao wanawake wa Glasgow sio sisi. Mafuta kukaa na mifupa kuwa mizito kunatofautiana kati ya jamii na jamii, na fomula inabeba miili ya waliopimwa. Halafu mbanaji akisogea sentimita mbili au akibana na nyama namba inabadilika, na mafuta ya ndani ya tumbo koleo haliyafikii hata ubane vipi. Mi nlibanwa na mtu aliyesomea, anaweka alama na peni kwanza, anabana, anahesabu kidogo ndo anasoma, anarudia. Kama anayekubana hafanyi hivyo muombe radhi uondoke.

Kipimo ambacho wenzetu wanakitegemea zaidi ni DEXA, ile ya mionzi hafifu ambayo ilianza kwa ajili ya kupima mifupa kama imechoka. Unalala, mkono wa mashine unapita juu yako, inatenganisha mfupa, mafuta na nyama, tena kwa sehemu. Sijalala kwenye hiyo kwa hiyo sitoi nyota, ila naitaja kwa sababu fomula nyingi za sa hivi zinajipima kwayo.

Na sasa futi. Ile ya plastiki laini ya fundi. Simama wima, vua dera, vua na khanga kama umejifunga, inua nguo ya ndani. Tafuta kwa kidole mbavu ya mwisho kabisa ubavuni, afu tafuta mfupa wa nyonga pale juu, katikati yake ndo unapitisha futi, hivyo ndo Shirika la Afya Duniani wanavyoelekeza. Futi ilale sawa mbele na nyuma, iguse ngozi isikate. Pumua kawaida, toa pumzi, soma mwishoni mwa kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani. Hipsi unapima pale makalio yalipojaa zaidi. Na usichukue namba ya kiuno aliyoandika fundi wako kwenye daftari, yeye anapima sketi itakapokaa au pale ulipobana zaidi, na anaongeza nafasi ya kupumua, hiyo ni kazi yake na anaifanya vizuri ila sio hii.

Namba za kushika kwa mwanamke: kiuno kikifika 80 anza kuangalia, kikipita 88 hatari imeongezeka sana. Ukigawa kiuno kwa hipsi isifike 0.85. Na kiuno kisifike nusu ya urefu wako, hii mi ndo naipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji kukariri, ni uzi tu, kata uzi wa urefu wako, ukunje katikati uwe nusu, ukizunguka kiuno na kubaki uko vizuri. Kwangu nusu ya urefu ni 82, nina 77. Kiuno kwa hipsi 0.74. Mipaka hii ya sentimita ilitokana zaidi na watu wa Ulaya na sisi Waafrika tuliambiwa tuitumie hiyo ya 80 mpaka takwimu zetu zitoshe, kwa hiyo ichukue kama mwongozo. Lakini angalau inapima mahali penyewe.

Kilichonishawishi zaidi ni shangazi yangu. Mwembamba wa mikono na miguu, urefu 155, kilo 57, hedhi imeshakoma, haumwi kitu. Alikuja kwangu akauona mzani, akataka na yeye. Kapanda, uzito kijani, BMI 23.7 kijani, akafurahi kweli.

"Mwanangu, si unaona? Mi niko fiti kuliko wewe."

"Hongera shangazi. Hebu nikupime na hii futi kidogo."

"Ya nini tena, unanishonea nguo?"

Kiuno 89. Hipsi 95. Nusu ya urefu wake ni 77 na nusu, kapita kwa sentimita zaidi ya kumi, na kiuno kwa hipsi imekuja karibu 0.94. Nikamwonyesha uzi, akauzungusha mwenyewe, haukukutana. Akakaa kimya kidogo akauliza, "Sasa hii ndo ile ya presha?" Nikamwambia shangazi haimaanishi unaumwa, inamaanisha tusisubiri uumwe, twende tukapime presha na sukari. Tukaenda. Yuko salama, sukari iko juujuu ya kawaida ila haijavuka, daktari kamwambia atembee kila siku na apunguze soda. Ule mzani ungemuacha na kijani yake. Kwa hiyo kwenye nyumba moja mi niliyepigwa nyekundu futi ikanipitisha, na yeye aliyepewa kijani futi ikamsimamisha, na aliyekuwa na haki ya kuambiwa ukweli mapema ni yeye.

Kwa wapenzi wa asilimia, futi inaweza kutoa na asilimia. Kuna fomula ya Woolcott na Bergman ya 2018: chukua 76, toa 20 mara urefu gawa kwa kiuno. Yangu, 164 gawa kwa 77 ni 2.13, mara 20 ni 42.6, toa kwenye 76 unabaki na 33.4. Haya, hesabu na mimi: mzani 29, mzani kwenye mwanariadha 23, jim 31, futi 33.4. Mwanamke ni mmoja. Hii ya futi imetengenezwa kwa kulinganishwa na DEXA, na DEXA kwa kawaida inasoma juu kuliko mizani ya umeme, kwa hiyo ukichukua 33.4 ukaenda kuisoma kwenye jedwali la mtandaoni lililotokana na njia nyingine utajiona mgonjwa wakati u mzima. Kila kipimo na jedwali lake. Hii haisemwi kwenye boksi lolote.

Na majedwali yenyewe yaangalieni upande wa chini pia. Lile la Baraza la Mazoezi la Marekani linalosambaa sana linasema mwanamke ana mafuta ya lazima asilimia 10 mpaka 13, wanamichezo wa kike 14 mpaka 20, wanaofanya mazoezi 21 mpaka 24, kawaida 25 mpaka 31, kuanzia 32 ni unene. Mwanaume ya lazima ni 2 mpaka 5 tu. Yaani mwili wetu umejengwa kubeba mafuta zaidi, kwa ajili ya homoni, ujauzito na kunyonyesha. Mwanamke akila kidogo kuliko anachotumia kwa muda mrefu, hedhi inaanza kuruka, inakata, na mifupa inadhoofika kimyakimya akiwa bado binti. Programu ya mzani wangu niliiwekea lengo la asilimia 12 kuona itasema nini, ikapokea, ikaniwekea na nyota ya kunipa moyo. Hapana. Kwenye hili siwezi kuwa mpole, kitu kinachouzwa kwa mabinti wa miaka kumi na nane hakitakiwi kukubali lengo kama hilo bila hata neno la onyo. Mdogo wako au binti yako akiwa na huu mzani chumbani, ingia kwenye simu yake uangalie ameweka lengo gani, na muulize hedhi yake inakujaje, kwa upole, kama dada.

Nyota sasa. Mzani kama mzani wa uzito, 4 na nusu kati ya 5. Mzani kama kipimo cha mafuta, 2, na hizo 2 ni kwa yule atakayepima mara moja kwa wiki au chini ya hapo, asubuhi, hali ileile, na kuangalia mwelekeo wa miezi badala ya namba ya leo. Programu ya simu 1, pamoja na ule mchoro wake wa tumbo jekundu, halafu inataka ujaze tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu na kuruhusu mahali ulipo, sioni vinahusiana nini na mafuta yangu. Mashine ya jim 4, huduma ya jim niliyoenda 2. Futi 5.

Kama bado unautaka, na uzito pekee ni sababu nzuri tu ya kuutaka, usikubali kufungiwa boksi dukani bila kujaribu. Mwambie muuzaji aweke betri, uwekwe chini kwenye sakafu ngumu, sio kwenye zulia wala kapeti, panda, shuka, subiri izime, panda tena. Ikitofautiana zaidi ya gramu mia mbili rudisha chukua mwingine. Angalia pembe za kioo kama zina ufa na miguu minne ya mpira chini kama ipo yote, wangu wa kwanza ulikosa mmoja nikabadilishiwa palepale bila maneno. Na ukiwa hapohapo Kariakoo pitia maduka ya vifaa vya ushonaji uchukue futi, chagua yenye sentimita upande mmoja, maana zipo za inchi pande zote mbili.